Mdahalo wa urais uliokosa wa kujibizana

MPIGAKURA aliyeketi mbele ya runinga usiku wa Julai 26, 2022, akitarajia kuwaona William Ruto na Raila Odinga wakikabiliana, alimwona Bw Ruto peke yake. Kambi ya Bw Odinga ilikuwa imedai mpinzani huyo hakutaka maswali kuhusu ufisadi na uadilifu. Mapema jioni hiyo, David Mwaure naye alijibu maswali peke yake baada ya George Wajackoyah kususia.

Haikuwa mara ya kwanza. Mnamo Julai 2017, Bw Odinga ndiye aliyesimama peke yake, Rais Uhuru Kenyatta alipokosa kufika.

Chanzo ni kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mwaniaji kuhudhuria. Mdahalo huandaliwa na vyombo vya habari, na anayejiona yuko kifua mbele huhofia kupoteza zaidi ya atakachopata.

Hasara humwangukia mtazamaji. Mwanahabari aweza kuuliza swali, hata kulirudia, lakini si kazi yake kusema, "Mimi ningefanya hivi." Ahadi hutolewa, ikapita bila kupingwa na mtu anayewania kiti kicho hicho.

Mnamo Februari 2013 wawaniaji wote wanane walifika. Hata hapo tulinung'unika, maana kila mmoja alipata dakika chache mno. Mpigakura wa 2022 angeziridhia dakika hizo. Siku 14 baadaye, Agosti 9, alipanga foleni kituoni bila kuwasikia wawili hao wakijibizana.