Inkubeta inazima alfajiri? Pima kontrola kabla ya kununua betri

Baridi ya Juni na Julai huku Songwe mnaijua. Kijana mmoja wa Mbozi alinipigia saa kumi na moja alfajiri: "Bwana shamba, mashine imezima tena." Inkubeta ya mayai 60, sola, siku ya kumi na mbili. Nikamwambia betri imechoka, nunua nyingine. Akanunua. Ikazima tena. Vifaranga vilivyotoka ni 23 tu, na hapo kosa ni langu.

Tulipopima kwa mita, betri ilikuwa na volti 11.8 wakati kontrola inakata. Mchana, tulipoishusha makusudi, ilikata kwenye 11.1. Betri ileile, kontrola ileile, ila imefungwa chini ya bati: mchana kama nyuzi 30, alfajiri kama 10.

Ndani ya kontrola kuna chipu inayolinganisha volti za betri na kipimo chake cha ndani. Kontrola za bei chee nyingine hutumia dayodi tupu kama kipimo. Dayodi ina volti kama 0.6, na kila nyuzi moja ya joto inaipunguza karibu milivolti 2. Likishuka joto kwa nyuzi 20, inapanda hadi 0.64, na kikomo cha 11.1 kinasogea mpaka 11.8. Yaani futi inarefuka usiku! Ikikutwa kwenye joto kali ndiyo mbaya zaidi kwa mfuko wako, maana inachelewa kukata na betri inakufa kimyakimya.

Chipu nzuri hujumlisha volti mbili: moja inashuka kwa joto, nyingine inapanda. Zinafutana, kinabaki kipimo cha karibu volti 1.2 kisichoyumba. Njia hii Bob Widlar wa Marekani aliiweka kwenye chipu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo si teknolojia ya ajabu wala ya gharama.

Fanya hivi: weka mita kwenye vichwa vya betri, siyo mwisho wa waya, andika volti inapokata mchana, kisha alfajiri. Mayai yasiwe ndani siku hiyo, tafadhali. Tofauti ikizidi volti 0.3, badilisha kontrola. Huna hela sasa? Ihamishie chumba cha ndani kisichobadilika joto sana, mbali na bati na jiko. Yule kijana alifanya hivyo kwanza, akanunua nyingine baada ya kuuza mahindi.