Mada Mpya za Elimu ya Fedha: Pa Kuzitafuta

Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, kabla ya hisa kununuliwa na mikopo kugawiwa, hutengwa dakika chache za elimu. Mwanachama mmoja hupewa zamu ya kuzungumza juu ya fedha. Wiki ya kwanza husemwa kwamba akiba ni muhimu. Wiki ya pili husemwa kwamba madeni ni hatari. Wiki ya tatu mzungumzaji hurudia ya wiki ya kwanza, na wasikilizaji huanza kutazama simu zao. Hali ni hiyo hiyo kwa mwalimu anayeandaa gazeti la ukutani la shule, kwa mtangazaji wa redio ya jamii na kwa kila anayeandika makala ya fedha kwa ajili ya watu wa kawaida. Baada ya muda mfupi hudhani kwamba yaliyopaswa kusemwa yamekwisha.

Sehemu hii ya kijitabu tumeiandika kwa ajili ya mtumiaji wa huduma za fedha ambaye ameombwa, au amejitolea, kuwaelimisha wenzake. Kwa maoni yetu, uhaba wa mada hutokana na kuzitafuta katika maneno ya jumla, ilhali zimo katika stakabadhi, mikataba na ujumbe wa simu ambao wengi wetu huufuta bila kuusoma.

Tuanze na stakabadhi ya LUKU. Mteja hutoa shilingi 10,000, hupata uniti chache kuliko alizotarajia, kisha huilaumu mita. Stakabadhi yenyewe inaeleza fedha zilikokwenda: Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, mchango wa Wakala wa Nishati Vijijini wa asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Tangu Agosti 2021 imo pia kodi ya majengo, ambayo hukatwa mteja anaponunua umeme. Mada inayofaa imejificha katika mstari huu wa mwisho. Kodi ya majengo ni wajibu wa mwenye nyumba, lakini mara nyingi anayenunua umeme ni mpangaji. Lugha yetu huviita vyote viwili kodi, yaani anacholipwa mwenye nyumba na kinachokwenda serikalini, na pengine ndiyo sababu wapangaji wengi hawajawahi kuuliza. Mpangaji anaweza kuhifadhi stakabadhi zake, akajumlisha kilichokatwa kwa mwaka mzima, na kukubaliana na mwenye nyumba kwamba kiasi hicho kipunguzwe kwenye pango. Makubaliano hayo yaandikwe katika mkataba, maana ya mdomo husahaulika pale mkataba unapohuishwa. Kikundi chenye wapangaji kumi kinaweza kujadili jambo hili kwa saa nzima bila mtu yeyote kusinzia.

Chanzo cha pili, na kwetu ndicho chenye utajiri zaidi, ni mkataba wa mkopo. Wanaofika kwenye madawati ya malalamiko wakiwa na mkataba mkononi mara nyingi huwa hawajausoma hata ukurasa wa pili. Mwelimishaji asisome mkataba wote mbele ya watu, bali achague sentensi moja. Tuseme sentensi hiyo inasema kwamba riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Wasikilizaji wataiona ndogo. Sasa aulize: asilimia 3 ya kiasi gani?

Chukua mkopo wa shilingi 600,000 unaorejeshwa kwa miezi sita, shilingi 100,000 za msingi kila mwezi. Ikiwa riba inakokotolewa juu ya mkopo wa awali hadi mwisho, mkopaji atalipa riba ya shilingi 18,000 kila mwezi, jumla shilingi 108,000. Ikiwa inakokotolewa juu ya salio linalopungua, mwezi wa kwanza atalipa shilingi 18,000, wa pili 15,000, wa tatu 12,000, kisha 9,000, 6,000 na 3,000, jumla shilingi 63,000. Kiwango kilichotangazwa ni kile kile, lakini tofauti ni shilingi 45,000, ambazo ni sare ya shule na madaftari ya mtoto. Katika hesabu ya kwanza, mwezi wa sita mkopaji anadaiwa shilingi 100,000 tu, lakini bado anatozwa riba kana kwamba zote 600,000 zimo mfukoni mwake.

Mada haiishii hapo. Iwapo mkopeshaji anakata ada ya maombi ya asilimia 3 kabla ya kutoa fedha, mkopaji atapokea shilingi 582,000 na kulipia riba ya 600,000. Juma jingine izungumzwe adhabu ya kuchelewa. Juma linalofuata izungumzwe saini ya mdhamini, ambaye katika vikundi huombwa kwa jina la urafiki na kudaiwa kwa jina la sheria. Mkataba mmoja wa kurasa nne unatosha mazungumzo ya miezi miwili.

Mikopo ya simu inahitaji uangalifu wa namna yake, kwa sababu gharama mara nyingi haiitwi riba bali ada. Huduma ya M-Shwari, iliyoanzishwa nchini Kenya mwaka 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mtu akisikia 7.5 huilinganisha na riba ya benki, ambayo hutajwa kwa mwaka, na kuiona nafuu. Lakini anayekopa kiasi kile kile kila mwezi kwa mwaka mzima amelipa ada hiyo mara kumi na mbili, yaani asilimia 90 ya kiasi alichokuwa akikizungusha. Swali zuri la kuwaachia wasikilizaji ni hili: mwezi uliopita ulikopa mara ngapi, na kila mara ulikuwa na shida mpya au ulikuwa unaziba pengo la mkopo uliotangulia? Mwelimishaji asidai majibu hadharani. Kila mmoja atafungua ujumbe wake wa simu na kuhesabu mwenyewe.

Ujumbe huo huo unaweza kutumika kuhesabu makato ya kutoa fedha kwa wakala. Hesabu hiyo ni fupi na haihitaji maelezo marefu: anayetoa shilingi 50,000 kwa mara tano alinganishe makato yake na ya anayezitoa kwa mara moja.

Chanzo kingine ni kalenda ya mahali mnapoishi. Januari ina ada za shule, na mwezi wa Ramadhani una futari, nguo za Idi na bei zinazopanda. Haya yanajulikana mno. Yasiyojulikana sana ni yale ya msimu wa zao. Katika mikoa ya Mtwara na Lindi, korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na minada huanza takriban mwezi Oktoba. Miezi michache kabla, mkulima ana shamba linalochanua na mfuko mtupu. Hapo hutokea mnunuzi wa kangomba, ambaye hulipa sasa kwa bei ya chini ili achukue korosho wakati wa mavuno. Wengi huuita huo uuzaji. Sisi tunashauri uelezwe kama mkopo, kwa sababu ndivyo unavyofanya kazi. Tuseme mkulima amepokea shilingi 1,000 kwa kilo mwezi Agosti, na mnadani kilo hiyo hiyo ikauzwa kwa shilingi 2,000 mwezi Oktoba. Hata tukiondoa makato ya chama cha ushirika na usafiri, amekopa 1,000 na kurejesha karibu mara mbili ndani ya miezi miwili. Hakuna mkopeshaji mwenye leseni ambaye angethubutu kukitangaza kiwango hicho ubaoni. Mkulima anayeiona hesabu hii anaweza bado kuuza, maana mgonjwa hasubiri mnada, lakini huenda akauza gunia moja badala ya matano, au akaenda kwanza kwenye kikundi chake. Anayeishi penye pamba, kahawa au dagaa atafute kangomba ya kwao. Jina litakuwa jingine.

Yako pia matukio ya zamani, ambayo kwa vijana ni mapya kabisa. Mwaka 2009 serikali iliusimamisha upatu wa DECI, ambao wanachama wake waliambiwa kwamba walikuwa wakipanda mbegu na wangevuna. Kijana aliyezaliwa mwaka huo sasa ana simu, na matangazo anayoletewa hayataji mbegu bali uwekezaji wa kidijitali. Ufundi haujabadilika: faida ya wa kwanza hutoka mfukoni mwa wa mwisho. Mzee mmoja aliyewahi kupanda mbegu, akikubali kusimulia, atafundisha zaidi ya kijitabu chetu.

Tuna angalizo mbili. Kwanza, shida ya jirani isigeuzwe kuwa mfano, hata kama jina limefichwa, ikiwa mtaa mzima utamtambua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kabla ya sheria kulikuwa na staha. Badilisha kiasi, badilisha zao, au tunga mfano kama tulivyofanya hapa. Pili, mwelimishaji afundishe kukokotoa na kuuliza, asiwaelekeze watu kwenye kampuni fulani. Wapo wanaolipwa kamisheni kwa kila jina wanalolipeleka, na msikilizaji ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajashawishika.

Kabla ya kutaja mkopeshaji yeyote, hata kwa ubaya, hakikisha kwanza iwapo ana leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni, na nyingi zilikuwa na majina yanayosikika vizuri masikioni. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wasiopokea amana wamo katika daraja la pili, SACCOS daraja la tatu, na vikundi vya kijamii daraja la nne. Kukieleza kikundi kilipo katika ngazi hiyo, na wajibu wake wa kusajiliwa, ni mada ya siku moja nzima. Hesabu zote mpe mwanachama mwingine azirudie kwa karatasi na kalamu kabla ya siku ya mkutano.