Taarifa za wateja zavuka mpaka, mdhibiti abaki forodhani

Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliipa kampuni iliyo nyuma ya mradi wa Worldcoin siku saba kufuta taarifa za miili ya Wakenya ilizokuwa imekusanya, zikiwemo picha za mboni za macho. Kazi hiyo ilitakiwa ifanyike chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo. Hukumu ilisomwa Nairobi. Kampuni yenyewe, Tools for Humanity, ina makao yake San Francisco, Marekani, na kampuni yake tanzu iko Ujerumani.

Kwa mfanyabiashara wa kawaida, habari hiyo yaweza kuonekana kuwa ya mawakili na mafundi wa kompyuta tu. Sivyo ilivyo. Inahusu bidhaa inayovuka mpaka kila dakika bila kupita kwenye mizani wala mbele ya afisa forodha: majina ya wateja, namba zao za simu, kumbukumbu za mikopo yao, hata alama za vidole. Benki, hoteli, kampuni za simu na wakopeshaji wa mitandaoni wote wanaishughulika. Na kama ilivyo kwa bidhaa nyingine, ipo mamlaka inayoisimamia, ipo adhabu ya kuikiuka, na zipo njia za panya.

Kesi ya Worldcoin ni mfano mzuri wa jinsi usimamizi huo unavyofanya kazi, na unavyoshindwa. Mradi ulikuwa ukiwapa watu sarafu za kidijitali kwa kukubali kupigwa picha za mboni. Jijini Nairobi thamani ya sarafu hizo ilikuwa takriban Sh 7,000 za Kenya, na katikati ya 2023 watu walipanga foleni ndefu katika jumba la KICC. Ofisi ya Kamishna ilikuwa imekwisha kuitaka kampuni isimamishe ukusanyaji mwezi Mei mwaka huo. Foleni za Julai zinaonyesha agizo lile lilichukuliwaje. Ilibidi Wizara ya Mambo ya Ndani iingilie kati Agosti 2 na kusimamisha shughuli zote. Mahakama ilipotoa hukumu yake karibu miaka miwili baadaye, ilisema kampuni haikufanya tathmini ya athari inayotakiwa na sheria, na kwamba ridhaa iliyonunuliwa kwa zawadi si ridhaa halali.

Mamlaka za aina hii, ambazo kwa ufupi zaweza kuitwa wadhibiti, zina kazi zinazofanana karibu kila nchi. Huandikisha makampuni yanayokusanya taarifa za watu, hupokea malalamiko, hukagua, hutoa amri ya kusahihisha au kufuta, na hutoza faini. Ndani ya nchi mambo haya hayana utata mkubwa. Shule ikitangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, mdhibiti anajua mlango wa kubisha. Shule moja jijini Nairobi ilitozwa Sh milioni 4.55 kwa kosa hilo Septemba 2023. Ugumu huanza pale kampuni inapokuwa nchi moja, mteja nchi ya pili na mitambo ya kuhifadhia taarifa nchi ya tatu. Sheria humpa mdhibiti mamlaka hadi mpakani. Baada ya hapo anachoweza kufanya ni kuandika barua.

Ulaya ndiko walikojaribu kulimaliza tatizo hili kwa mkono wa sheria. Kanuni Kuu ya Ulinzi wa Taarifa, inayofahamika zaidi kwa herufi zake GDPR, ilianza kutumika Mei 25, 2018. Kampuni yenye biashara katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya haihojiwi na kila mdhibiti kwa zamu. Inahojiwa na mmoja, yule wa nchi yalipo makao yake makuu ya Ulaya, ambaye huitwa mamlaka kiongozi. Ni utaratibu wa dirisha moja, kama ule ambao wawekezaji wa Afrika Mashariki wamekuwa wakiahidiwa kwa miaka mingi.

Hata hivyo mamlaka kiongozi haiamui peke yake. Ikimaliza uchunguzi huandika rasimu ya uamuzi na kuipeleka kwa wadhibiti wenzake wote wanaohusika, ambao wana wiki nne za kutoa pingamizi. Wakishindwa kuelewana, shauri hupelekwa kwenye Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Taarifa, ambamo kila nchi ina kiti. Bodi hupiga kura, na uamuzi wake humfunga hata yule aliyeandika rasimu. Faini ya juu kabisa ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo ya mwaka ya kampuni duniani kote, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa zaidi.

Kura hiyo si mapambo. Mdhibiti wa Ireland, nchi ambayo makampuni mengi makubwa ya Marekani yameweka makao yao ya Ulaya kwa sababu ya kodi na lugha, alipendekeza WhatsApp itozwe kati ya euro milioni 30 na 50. Wenzake walikataa. Septemba 2021 faini ilitoka ikiwa euro milioni 225. Katika shauri la Meta, kampuni mama ya Facebook, kuhusu kupeleka taarifa za Wazungu Marekani, rasimu ya Ireland haikuwa na faini hata senti moja. Bodi iliamuru faini itozwe, na Mei 2023 ilitangazwa ikiwa euro bilioni 1.2, kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa chini ya kanuni hiyo hadi wakati huo. Fedha za aina hii, zikishalipwa, huingia hazina ya Ireland. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba nchi iliyoshutumiwa na wengine kwa upole ndiyo inayonufaika na ukali wao.

Kasoro ya mfumo huo ni mwendo wake. Malalamiko yaliyozaa faini ya Meta yaliwasilishwa na mwanasheria wa Austria, Max Schrems, mwaka 2013. Njiani yalipitia Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mara mbili, na kila mara, mwaka 2015 na 2020, mahakama ikavunja makubaliano yaliyokuwa yakiruhusu taarifa kwenda Marekani. Maelfu ya makampuni ambayo hayakuwa sehemu ya ugomvi huo yalilala yakiwa na msingi halali wa kupeleka taarifa na kuamka bila kuwa nao. Miaka kumi kwa lalamiko moja ni mingi. Mwishoni mwa 2025 Umoja huo ulipitisha kanuni nyingine inayoweka kikomo cha miezi 15 kwa uchunguzi wa kawaida wa kuvuka mipaka, pamoja na nafasi ya kuongeza muda kwa mashauri magumu.

Worldcoin nayo ilipita katika mfumo huo. Kwa kuwa kampuni tanzu ilikuwa katika jimbo la Bavaria, mdhibiti wa jimbo hilo ndiye aliyekuwa kiongozi. Hispania haikutaka kumsubiri. Machi 2024 ilitumia kifungu cha dharura kinachomruhusu mdhibiti kusimamisha shughuli ndani ya nchi yake kwa muda usiozidi miezi mitatu, na Ureno ikafuata mwezi huo huo. Muda ulipokaribia kwisha, kampuni yenyewe ilikubali kutorudi Hispania hadi Bavaria imalize kazi. Desemba 2024 Bavaria iliamuru kuwekwe utaratibu wa kufuta taarifa unaokidhi kanuni, na kampuni ikakata rufaa. Cha kuangalia hapa ni kwamba Mhispania hakuhitaji kwenda kuuliza San Francisco. Mdhibiti wake alikuwa na mwenzake jirani aliyebanwa na sheria ile ile na aliyeishika kampuni kwa ukaribu. Kamishna wa Kenya hakuwa na mwenza wa aina hiyo, na amri ya kufuta ilitoka mahakamani baada ya asasi ya kiraia, Katiba Institute, kufungua kesi.

Bara la Afrika halikosi makaratasi. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa taarifa binafsi ulipitishwa Malabo mwaka 2014, lakini ulingoja hadi Juni 2023 kuanza kutumika, baada ya kupata idadi ya nchi 15 zilizotakiwa. Upo pia mtandao wa wadhibiti wa Afrika, ambao hukutana na kubadilishana uzoefu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu 2005 na itifaki ya soko la pamoja tangu 2010, lakini haina bodi inayoweza kumlazimisha mdhibiti wa nchi moja kufuata kura ya wenzake. Benki ya Nairobi yenye matawi Kampala, Kigali, Dar es Salaam na Lubumbashi inakutana na sheria tofauti na ofisi tofauti kila inapovuka mpaka, na mteja aliyedhurika na taarifa iliyovuja kutoka tawi moja kwenda jingine hana dirisha moja la kulalamikia.

Adhabu nazo zinatofautiana kwa namna inayostahili kutazamwa na watunga sheria. Sheria ya Kenya ya 2019 inaweka kikomo cha Sh milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kutegemea kiasi kipi ni kidogo zaidi. Neno hilo moja, kidogo badala ya kikubwa, ndilo linalotenganisha Nairobi na Dublin. Kampuni ya simu Oppo ilitozwa kiwango hicho cha juu mwishoni mwa 2022, takriban dola 40,000 kwa bei za wakati huo. Kwa kampuni ya kimataifa ni gharama ya tangazo moja. Kikomo cha namna hiyo kinambana mdogo na kumwachia mkubwa, na ni vigumu kuona kwa nini kiendelee kubaki.

Dalili kwamba wadhibiti wa Afrika wameanza kunyoosha mikono mbali zaidi zipo. Nchini Uganda, watu wanne waliilalamikia Google kwamba haijajiandikisha kama sheria ya 2019 inavyotaka. Kampuni ilijitetea kuwa haina makazi nchini humo. Julai 2025 ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi ilikataa utetezi huo na kuipa siku 30 kujiandikisha, kwa hoja kwamba anayekusanya taarifa za Waganda anafanya kazi Uganda, awe na ofisi au asiwe nayo. Nigeria ilikwenda mbali zaidi kwa njia nyingine: Julai 2024 tume yake ya ushindani, baada ya uchunguzi wa pamoja na mdhibiti wa taarifa, iliitoza Meta dola milioni 220. Soko la Nigeria ni kubwa, na kampuni haiwezi kulikimbia kirahisi. Nchi ndogo ikiwa peke yake haina silaha hiyo.

Tanzania imeingia uwanjani baadaye kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Kanuni zake zinamtaka anayesafirisha taarifa binafsi nje ya nchi aombe kibali cha Tume. Hoteli ya Arusha inayoweka orodha ya wageni wake kwenye mitambo iliyoko Ireland au Afrika Kusini inasafirisha taarifa, hata kama mwenyewe anadhani amelipia tu programu ya kupokea oda za vyumba. Wengi hawajaliona jambo hilo kwa jicho hilo.

Upande wa pili wa biashara hiyo ni pale taarifa zinapokuja. Kampuni ya Ulaya inayotaka kumpa kazi ya kupokea simu za wateja mwenye ofisi Nairobi au Dar es Salaam ina njia mbili kuu. Ya kwanza ni nchi husika kutambuliwa na Tume ya Ulaya kuwa ulinzi wake unatosha, na hapo taarifa husafiri kama ndani ya Ulaya. Mwaka 2024 Kenya na Tume hiyo zilianza mazungumzo kuhusu hilo. Hadi yanaanza, hakuna nchi ya Afrika iliyokuwa imetambuliwa. Ya pili ni mikataba yenye vifungu vilivyoandikwa Brussels, ambavyo pande zote mbili hutia sahihi bila kubadilisha neno, na kisha kampuni ya Ulaya hulazimika kutathmini sheria za nchi zinakokwenda taarifa. Tathmini hiyo ina ada za mawakili. Mzabuni wa Mauritius au India anayeshindania zabuni hiyo hiyo naye hubeba gharama kama hizo, na nchi itakayotambuliwa kwanza itampa mzabuni wake punguzo ambalo washindani hawataweza kulifuata. Kati ya mambo ambayo Tume ya Ulaya huyapima kabla ya kutoa utambuzi huo ni kama mdhibiti wa nchi husika ni huru, na kama ana uwezo wa kuhakikisha amri zake zinatekelezwa.