Dawa ya Kuku au Dawa ya Mtoto?

Katika uwanda wa Ruzizi, kando ya barabara iendayo Uvira kutoka Bukavu, kiko kijiji cha Katogota. Huko, kama katika vijiji vingine vya uwanda, jamaa isiyo na kuku ni jamaa yenye shida. Tangu zamani twafuga kuku wa kienyeji wajitafutiao riziki uani. Siku hizi wako pia wanaojaribu kuku wa nyama, wale weupe wanaonenepa upesi, ambao huuzwa baada ya majuma 6 au 7.

Fedha ya kuku hao si ya anasa. Ndiyo karo ya shule, ndiyo daftari, ndiyo chumvi na sabuni. Basi mama akiona asubuhi vifaranga watatu wameshusha mabawa na kufumba macho, moyo humwenda mbio. Hukimbilia dukani, hununua tetrasaikilini, dawa ya watu, huimimina katika maji ya kuku wote, wagonjwa kwa wazima. Wengine hawangoji hata ugonjwa. Huitia tangu siku ya kwanza, kama mpishi atiavyo chumvi katika mboga. Hatuwacheki watu hao, maana hofu yao ni ya haki. Lakini yatupasa kuuliza: dawa hiyo tunayoimaliza kwa kuku, kesho itamponya nani?

Desturi hii haikuanza kwetu. Mwaka 1928 Bwana Alexander Fleming alivumbua penisilini katika mji wa London. Miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, wataalamu wa Marekani waliona ya kuwa vifaranga wapewao antibiotiki kidogo katika chakula hukua upesi zaidi. Habari hiyo ikaenea, na wafugaji wakaifuata duniani kote. Lakini Fleming mwenyewe alikuwa ameonya, tangu mwaka 1945, kwamba dawa ikitumiwa kidogo kidogo huwafundisha vijidudu kuizoea. Uswidi ilikataza mwaka 1986 dawa hizo zisitiwe katika chakula cha mifugo kwa ajili ya kuwakuza tu. Nchi za Umoja wa Ulaya zote zikafuata tarehe 1 Januari 2006.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Mkulima akipalilia shamba kijuujuu, magugu dhaifu hufa, bali yenye mizizi mirefu hubaki, na mvua ikinyesha hujaza shamba zima. Vivyo hivyo vijidudu vyenye nguvu hubaki tumboni mwa kuku, huzaana, kisha hutoka pamoja na mavi. Hushika mikono yetu, huingia katika mifereji ya maji, hukaa juu ya nyama isiyoiva. Siku vikiingia katika mwili wa mtoto, mwuguzi hutoa dawa ileile, nayo haina nguvu tena. Imehesabiwa kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya 1,200,000 walikufa duniani kwa vijidudu vilivyoshinda dawa.

Je, tufanye nini? Wataalamu wengi wameigeukia mimea. Kitunguu saumu, tangawizi na manjano vina nguvu ya kuzuia baadhi ya vijidudu, na huweza kulisaidia tumbo la kuku kusaga chakula. Mlonge, ambao wengi huuita moringa, una majani yenye protini nyingi. Huko Tanzania, majani hayo yalijaribiwa kwa kuku wa mayai badala ya mashudu ya alizeti, nayo yakafaa. Majani huanikwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa, kisha kipimo kimoja cha unga wake huchanganywa na vipimo 19 vya chakula. Usizidishe, maana majani yakiwa mengi kuku hawakui vema. Mwarobaini nao ni mchungu; ukizidi, kuku hususa chakula.

Hata hivyo tusidanganyane. Mmea si muujiza. Nguvu yake hubadilika kwa udongo, kwa majira na kwa namna ya kuukausha. Tena hakuna jani wala antibiotiki iponyayo kideri, ugonjwa ule umalizao kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Huo huzuiwa kwa chanjo tu. Iko chanjo iitwayo I-2, ivumiliayo joto kuliko nyingine, ambayo hutiwa tone moja jichoni mwa kuku, na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Mwulizeni mganga wa mifugo. Na kabla ya yote, banda liwe kavu, lenye hewa na lisilosongamana, maji yabadilishwe kila siku, na mgonjwa atengwe. Mganga akiamuru dawa, itolewe kwa siku alizozitaja, wala kuku huyo asichinjwe kabla ya muda aliouweka.

Nanyi wanafunzi, jaribuni jambo hili pamoja na mwalimu wenu. Gaweni vifaranga 20 katika vyumba viwili, 10 huku na 10 kule. Wote wapate banda safi, chanjo na chakula kilekile, ila upande mmoja uongezewe unga wa mlonge. Wapimeni kila juma na kuandika uzito wao daftarini. Hivyo mtajua kwa macho yenu, si kwa maneno ya sokoni.

Bwana wetu hakuona haya kujifananisha na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mabawa yake. Mama anayelinda kuku wake ili mtoto asome afanya kazi njema. Basi na ailinde pia dawa, ili siku mtoto huyo akiugua imkute ingali na nguvu.