Mchango Hununua Nafasi ya Kushindana, Haununui Medali

Tarehe 30 Julai 2021, katika uwanja wa Ariake jijini Tokyo, Bethany Shriever wa Uingereza alivuka mstari wa mwisho wa mbio za BMX akimtangulia Mariana Pajón wa Colombia kwa muda usiofika hata moja ya kumi ya sekunde. Pajón alikuwa bingwa wa London 2012 na wa Rio 2016. Shriever alijitupa chini, miguu imemkaza, hawezi kusimama. Kye Whyte, Mwingereza mwenzake aliyekuwa amenyakua medali ya fedha kwa wanaume dakika chache kabla, akamkimbilia na kumbeba. Medali hizo mbili zilikuwa za kwanza kwa Uingereza katika BMX tangu mchezo huo uingie Olimpiki mwaka 2008.

Kwa sisi tunaofuatilia fedha za michezo, mbio hizo zilikuwa na habari nyingine nyuma yake. Miaka minne kabla, mamlaka ya Uingereza inayogawa fedha za michezo ya ushindani wa juu, UK Sport, ilikuwa imeamua kwamba kuelekea Tokyo ingewagharamia wanaume tu katika mbio za BMX. Wanawake hawakuwa na fungu. Shriever, ambaye mwaka huohuo wa 2017 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana, alirudi kwa wazazi wake huko Essex, akafanya kazi ya muda ya ualimu msaidizi kwa watoto wadogo, na akawaendea watu wa kawaida mtandaoni kuomba pauni 50,000 ili aweze kuisaka tiketi ya Olimpiki.

Kwa nini nchi tajiri imwache bingwa wa dunia wa vijana apitishe bakuli? Tuanzie Atlanta 1996. Waingereza walirudi kutoka kule na dhahabu moja tu, wakiwa nafasi ya 36 kwenye jedwali la medali. Ilikuwa aibu ya taifa. Fedha za bahati nasibu ya taifa zikaanza kumiminwa michezoni kwa kanuni isiyo na huruma: anayeonyesha dalili za medali anapewa, asiyeonyesha anakatwa. Kanuni hiyo imezaa matunda mengi, na sitaki kuibeza. Ila ina upofu wake. Inapima kilichokwisha kuonekana. Rio 2016 Uingereza haikuwa na mwanamke hata mmoja katika mbio za BMX, kwa hiyo kwenye makaratasi ya wagawaji wanawake wa BMX hawakuwa na historia ya kutetea. Msichana wa miaka 18 aliyekuwa anakuja kwa kasi hakuwa na safu ya kuandikwa jina lake.

Msomaji asiyeujua mchezo huu anaweza kujiuliza hizo pauni 50,000 ni za nini. Baiskeli ya BMX ni ndogo: magurudumu ya inchi 20, gia moja, breki moja ya nyuma. Waendeshaji wanane wanapanga magurudumu ya mbele kwenye geti lililo juu ya mteremko wenye kimo cha mita 8 hivi. Geti linaanguka, wanashuka kwa kishindo, wanaruka matuta, wanalala kwenye kona zilizoinuliwa, na kabla dakika haijaisha kila kitu kimekwisha. Shriever alishinda Tokyo kwa sekunde 44 na ushei. Hakuna muda wa kurekebisha kosa. Anayechelewa kutoka getini anakuta njia imeshafungwa na migongo ya wenzake.

Kwa hiyo baiskeli siyo inayomaliza fedha. Fedha inaishia kwenye pointi. Tokyo kulikuwa na nafasi 24 tu kwa wanawake wa dunia nzima, na nyingi zilipatikana kwa pointi ambazo nchi ilijikusanyia kupitia waendeshaji wake katika mashindano yanayotambuliwa na UCI, shirikisho la baiskeli la kimataifa. Angalia kalenda ya Kombe la Dunia la 2019: Manchester, Papendal huko Uholanzi, Saint-Quentin-en-Yvelines karibu na Paris, Rock Hill kule Marekani, kisha Santiago del Estero ndani kabisa ya Argentina. Mwaka uliofuata msimu ulianzia Australia. Kila kituo kinadai nauli, ada ya ziada ya sanduku la baiskeli, malazi ya siku kadhaa, chakula, na mara nyingi nauli ya kocha pia. Ukianguka, kofia ngumu iliyopigwa chini haivaliwi tena, unanunua nyingine. Asiyekwenda hana pointi, na asiye na pointi anaangalia Olimpiki kwenye runinga hata kama mazoezini anawashinda wote.

Hapa ndipo mchango wa watu wengi wa kipato kidogo unapofanya kazi ambayo fedha za serikali hushindwa kuifanya. Serikali hugawa kwa mizunguko ya miaka minne na hutaka ushahidi kwanza. Mchangaji wa pauni 10 hahitaji ushahidi wa namna hiyo; anamjua mwanariadha, au anamjua mtu anayemjua. Anaweza kutoa leo tiketi ikanunuliwa kesho. Shriever alipata muda wa kuendelea kushindana wakati mfumo bado haujamwona. Baadaye, kabla ya Olimpiki, chama cha baiskeli cha nchi yake kilimrudisha kwenye programu yake. Haikufika hata mwezi mmoja baada ya Tokyo akatwaa ubingwa wa dunia wa wakubwa huko Papendal, na mwaka 2023 akautwaa tena Glasgow.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu habari ya Shriever husimuliwa vibaya. Husimuliwa kana kwamba watu walichanga, dhahabu ikaja. Hapana. Wapo wengi waliochangiwa na hawakufuzu, na mchango waliopewa haukupotea. Kinachonunuliwa ni nafasi ya kusimama kwenye geti. Yanayotokea baada ya geti kuanguka hayana bei. Paris 2024 Shriever huyohuyo alishinda kila mbio hadi fainali, halafu kwenye fainali akamaliza wa nane. Miezi michache kabla alikuwa amevunjika mtulinga. Ndivyo mchezo ulivyo.

Na kuna upande wa hatari ambao kampeni nyingi za mchango huuficha kwa kuogopa kuwatisha watu. Tokyo, Connor Fields wa Marekani, bingwa wa Rio 2016, alianguka kwenye nusu fainali na kukimbizwa hospitali akiwa amevuja damu kwenye ubongo. Whyte naye alianguka kwenye nusu fainali ya Paris na kupelekwa hospitali. Kwa hiyo ombi la mchango lisilo na kifungu cha bima na matibabu ni ombi lisilokamilika, na mimi huwaambia hivyo vijana wanaoniletea rasimu zao. Afadhali lengo likue kwa kiasi hicho kuliko mtu avunjike bega Argentina akiwa na nauli ya kurudi tu.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa kuchanga. Kenya ilijengewa shule kwa harambee, na hakuna mtu mzima Dar es Salaam au Mombasa ambaye simu yake haina kundi la michango: orodha inayonakiliwa upya kila mtu anapotuma, jina na kiasi, alama ya vema kwa aliyelipa, na neno "ahadi" mbele ya yule ambaye mhazini bado anamfuatilia. Tunachanga kwa sababu kuna siku iliyopangwa. Harusi ina tarehe, msiba una siku ya mazishi. Mwanariadha anashindwa kuchangiwa kwa sababu ombi lake halina siku. "Nisaidieni nitimize ndoto yangu" haina tarehe ya mwisho. "Mashindano ni tarehe fulani, ada ya usajili inafungwa wiki mbili kabla, nimebakiza nauli ya kwenda" inayo, na watu hutuma. Kundi lile la harusi lina somo jingine pia: orodha iko wazi kwa wote. Aliyetoa kidogo anamwona aliyetoa zaidi, na wote wanajua mhazini ana kiasi gani. Majukwaa ya mtandaoni yanaonyesha jumla, lakini hayaonyeshi matumizi. Hilo ni jukumu la mwombaji mwenyewe.

Kwa waendeshaji wetu wenyewe kuna njia nyingine iliyojaribiwa, na naiheshimu sana. Katika mbio za njia za changarawe, timu ya Amani, yenye waendeshaji kutoka Kenya, Uganda na Rwanda, iliona kwamba kinachowazuia vijana wake si miguu bali viza na nauli. Ikaamua kuleta mashindano kwao. Mwaka 2021 yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara, siku nne, takriban kilomita 650, na wageni wakapanda ndege kuja kupimana nguvu na wenyeji. Nahodha wa timu hiyo, Sule Kangangi, alifariki Agosti 2022 akiwa mbioni huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Kijana wa Kenya akipata mashindano ya kutosha nyumbani hatakuwa mgeni popote. Nauli moja ya kwenda Ulaya ni ya mtu mmoja. Mashindano yanayofanyika nyumbani yanawapa kipimo vijana wengi kwa siku moja. Mchango unaokwenda huko husambaa zaidi.

Bado kuna jambo linalonikera katika habari hizi zote, na sitalipamba. Uchangishaji humpendelea mwenye watu. Shriever alikuwa na wazazi waliomwekea paa, jina la ubingwa, na nchi yenye watu wenye kadi za benki. Binti mwenye kasi ileile asiye na simu nzuri, asiyejua kujieleza mbele ya kamera, hatapata hata nusu ya mchango huo. Ndiyo maana klabu ni muhimu kuliko mtu mmoja mmoja. Whyte alitokea Peckham BMX, klabu ya mtaani kusini mwa London ambayo baba yake ni miongoni mwa walioijenga. Klabu ikichangiwa, vifaa vinabaki, uwanja unabaki, na mtoto wa kumi hutumia kilichonunuliwa kwa ajili ya wa kwanza. Wala vyama vya michezo visifurahie sana watu wanapochanga. Kila kampeni ya namna hii ni taarifa kwamba mfumo rasmi umempita mtu, na chama chenye akili huisoma taarifa hiyo na kwenda kumtafuta aliyepitwa.

Basi ukiletewa ombi la kumchangia mwendesha baiskeli, muulize mashindano gani, tarehe gani, na pointi zake zinahesabika wapi. Muulize bima iko kwenye bajeti au haiko, na ikibaki salio litakwenda kwa nani. Anayejibu bila kubabaika amejiandaa. Mtumie ulicho nacho, na mtumie mapema, kwa sababu nauli hupanda kadiri tarehe ya mashindano inavyokaribia.