Laptopu inanguruma kwenye spika? Usikimbilie kununua spika mpya

Umechomeka laptopu kwenye ampilifaya, muziki unatoka vizuri, lakini kwa chini kuna mngurumo usioisha. Wengi hulaumu spika. Mara nyingi wanaionea tu.

Ndani ya kompyuta kuna kadi ya sauti. Kazi yake ni kugeuza namba za faili la muziki kuwa umeme unaokwenda kwenye ampilifaya. Kwa muziki wa CD, ni namba 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia. Shida ni kwamba kadi hiyo imebanana na feni, diski na prosesa, na kelele zao za umeme zinaweza kupenya kwenye muziki.

Anza na jaribio la bure: chomoa chaja, laptopu itumie betri. Mngurumo ukikata, ujue unapitia kwenye umeme wa chaja. Spika ni nzima.

Kisha angalia haya:

• Kompyuta ya mezani: chomeka waya tundu la kijani. La pinki ni la maikrofoni.
• Ampilifaya: tumia AUX. PHONO ni ya santuri, sauti itakwaruza.
• Pandisha sauti ya kompyuta karibu na mwisho, kisha punguzia kwenye ampilifaya.

Kelele zikibaki hata kwa betri, hapo ndipo kadi ya sauti ya nje, ya kuchomeka USB, inapostahili hela yako. Ila haitibu faili bovu: MP3 iliyobanwa sana itabaki vilevile.