Vinywaji vya Sherehe Nyumbani Ngara na Biharamulo: Mtungi, Mrija na Bilauri

Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, mwenye sherehe hupimwa kwa kinywaji. Chakula kikipungua wageni husamehe; mtungi ukikauka kabla jua halijatua, habari hufika kijiji cha pili. Iwe ubatizo, utoaji wa mahari au Krismasi, kinachotarajiwa ni pombe ya ndizi, ambayo Wahaya huiita rubisi, na ambayo upande wa Ngara hujulikana kwa jina la urwagwa kama ilivyo kwa majirani wa Burundi na Rwanda.

Utengenezaji wake ni wa kale. Ndizi huvundikwa shimoni siku kadhaa hadi ziive, humenywa, kisha hukandwa pamoja na nyasi hadi zitoe maji. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji ya kawaida na unga wa mtama uliokaangwa, na kuachwa yachachuke siku moja au mbili. Kabla ya kuchachuka, kinywaji hicho ni juisi tamu isiyo na kilevi, na ndiyo wapewayo watoto na wajawazito. Hapa pana jambo ambalo wenyeji wengi hulijua lakini hawalizingatii: juisi hiyo haikai ilivyo. Iliyokamuliwa asubuhi huanza kuchachuka siku hiyohiyo, na ya jana haifai tena kuitwa juisi. Mwenye kutaka kuwaandalia wasiokunywa pombe aichemshe mara tu ikamuliwapo, aipooze, na kuiweka katika chombo safi chenye kifuniko. Kuchemsha huua hamira ya asili na pia vijidudu vilivyoingia kwa mikono, nyasi au maji ya kisima. Kwa mjamzito suala hili si dogo, kwa kuwa hakuna kiasi cha kilevi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni.

La pili ni mrija. Desturi ya wazee kuzunguka mtungi mmoja na kupokezana mrija ina heshima yake, na atakayeibeza hatasikilizwa. Hata hivyo, tarehe 20 Januari 2025 Serikali ilitangaza kuwa ugonjwa wa virusi vya Marburg umethibitishwa katika Wilaya ya Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha, tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamefariki: 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliohesabiwa kuwa huenda waliugua. Virusi hivyo huenea kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa mwenye dalili, mate yakiwemo, na dalili huweza kuchukua siku 2 hadi 21 kujitokeza. Mhudumu wa afya anayezungumza na wazee asianze kwa kukataza mtungi. Mtungi ubaki katikati, ila kila mzee awe na kikombe chake, na kata moja isiyotiwa mdomoni itumike kuchotea. Utaratibu huo hupunguza pia kuenea kwa magonjwa ya kuhara.

Siku hizi vijana wa miji midogo huandaa pia vinywaji vya kuchanganya, wakifuata picha za simu, zikiwemo za sherehe ya Halloween ya tarehe 31 Oktoba, ambayo kwa Kagera ni ngeni kabisa. Rangi si tatizo. Tatizo ni utamu unaoficha ukali: pombe yenye kilevi cha asilimia 35 ikichanganywa na juisi ya pasheni hunyweka kama maji. Mililita 50 zake zina takriban gramu 14 za kilevi safi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Anayemimina kwa kukadiria hajui amempa mgeni kiasi gani. Kizibo cha kupimia ni bora kuliko mkono wenye ukarimu.

Wapo wageni wasiopaswa kunywa kabisa, nao mara nyingi huona haya kusema. Anayetumia metronidazoli hushauriwa kuepuka pombe hadi saa 48 baada ya kumaliza dozi. Anayetibiwa kifua kikuu huliongezea mzigo ini, ambalo tayari linabeba dawa ya isoniazidi. Mgonjwa wa kisukari atumiaye insulini aweza kushukiwa na sukari ghafla usiku, na nduguze wakadhani amelewa tu. Mwenyeji mwema hamshurutishi mtu wala hamwulizi sababu.

Kwa hao, na kwa yeyote apendaye, upo mchanganyiko wa gharama nafuu: choya kavu kikombe 1 ichemshwe katika lita 2 za maji pamoja na kipande cha tangawizi kwa dakika 10, ichujwe, ipoozwe, kisha itiwe maji ya pasheni na vipande vya ndimu. Rangi yake nyekundu hupendeza katika bilauri kuliko soda yoyote. Sukari itiwe kidogo. Soda nyingi za mililita 350 huwa na gramu 35 au zaidi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai.

Gongo lisiingie katika sherehe. Hatari kubwa zaidi hutokea pale muuzaji anapoliongezea spiriti ya viwandani yenye methanoli, sumu isiyotambulika kwa harufu wala ladha. Mnywaji huweza kuamka akiwa mzima, na saa 12 hadi 24 baadaye akapatwa na kichefuchefu, maumivu ya tumbo, kupumua kwa kasi na ukungu machoni. Dalili hizo asiachwe alale nazo kwa kudhaniwa ni uchovu wa ulevi: apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa au masalia ya alichokunywa, na wenzake waliokunywa naye waitwe wachunguzwe hata kama hawajisikii vibaya.